Mjumbe Aliyesimama Mlangoni

Goma, tarehe 14 Juni 2021

Kwa Shangazi yangu mheshimiwa, Mama Béata Mukamazimpaka, Kiwanja.

Pokea salamu zangu za heshima, nilizozitanguliza mbele ya maneno mengine yote kama inavyompasa kijana uliyemlea. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na mgongo wako, ambao katika barua yako ya Pasaka uliuandikia aya nzima. Hapa kwetu sote tu wazima. Ninaposema sote nina maana ya mimi, kwa kuwa Mama bado yuko Bukavu kwa dada yangu Uwizeye.

Kuhusu volkano, bila shaka umesikia mengi, na watu wa Goma hupenda kutia chumvi. Ni kweli Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei. Ni kweli tuliamriwa kuuhama mji siku tano baadaye, nami nikatembea hadi Sake na kurudi. Kuhusu nyumba ya marehemu Baba kule Buhene, ambayo mliniachia niitunze, napenda kukuhakikishia kwamba mlango uko salama kabisa. Ule mlango wa mvule uliouagiza wewe kwa fundi wa Kiwanja, ukamletea kaka yako juu ya lori la maharage, haujapata hata mkwaruzo. Bawaba zake zote tatu ni imara.

Sasa niingie katika kiini. Taasisi yetu imetangaza nafasi moja ya asistanti wa kufundisha. Kila mwombaji atatoa mhadhara mbele ya jopo la walimu, likiongozwa na Profesa Mulumeoderhwa, mtu ambaye hajatabasamu tangu apate udaktari. Kwa kuwa ni wewe uliyenitia shuleni na kunitoa chuoni, naona ni wajibu wangu kukuarifu mada niliyoichagua: «Udhibiti wa Ubora wa Mitokondria na Ulinzi wa Seli-Saidizi za Ubongo Dhidi ya Msongo».

Kwa lugha nyepesi, ndani ya ubongo kuna neva, ambazo hufikiri, na kuna seli-saidizi zenye umbo la nyota, ambazo huzilisha neva, huzifagilia uchafu na kuzituliza. Kila seli ina majiko madogo yasiyoonekana kwa macho, yaitwayo mitokondria, yanayochoma chakula ili kutoa nguvu. Wakati wa msongo baadhi ya majiko huharibika, yakatoa moshi wa sumu badala ya moto. Seli yenye busara huyatambua na kuyaondoa kabla moshi haujaenea. Isipofanya hivyo hufa, na neva iliyoitegemea huifuata. Naongeza jambo moja la kupendeza: majiko hayo yote mtoto huyarithi kwa mama yake peke yake. Baba hachangii hata moja.

Huyu Ndayambaje mwenye pikipiki, anayekuletea barua hii pamoja na samaki wadogo wakavu, sambaza za soko la Kituku, ni mtu mwaminifu. Utakaponijibu, tafadhali umwelekeze kwenye taasisi na si nyumbani, kwani njia ya kwenda Buhene bado ina joto kidogo.

Wako mtiifu,
Édouard Harelimana
Licencié katika Biolojia, avec distinction


Kiwanja, 2 Julai 2021

Mutoto wangu Édouard,

Nakusalimia katika jina la Bwana. Mugongo bado unauma, asante kwa kuuliza, ijapokuwa hukuuliza, ulisema unatumaini. Tuyisenge wa kwa mudogo wetu amezaa mapacha, wote wasichana, wote wanalia kwa zamu ili mama yao asikose kazi. Mbuzi wa jirani yangu Zihindula aliingia kanisani siku ya Pentekoste akakula maua ya altare, na padri akaendelea na misa kama vile alikuwa amemualika.

Usinipigie simu kuhusu mambo haya. Kwenye simu unasema Kifaransa upesi upesi, halafu krediti inaisha.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wamama wenzangu wa chama cha maharage. Walifurahi sana mupaka nilipofika pale pa «mama yake peke yake». Nikakunja karatasi. Mama Katungu akaniambia, «Endelea, Béata.» Nikamujibu kwamba barua imeishia hapo. Kwa hiyo katika mwili wako wote hakuna hata mbabula moja, hayo majiko unayosema, ya ukoo wetu. Mbabula zote ni za mama yako Nyiransabimana, mwanamuke aliyeunguza bukari, ugali mutupu wa unga na maji, siku ya kwanza alipotupikia, na ninyi wenye shule munasema ndiye alipewa kazi ya kuwasha moto. Sijakasirika. Nauliza tu kama hao waliohesabu walihesabu vizuri.

Hizo seli za kusaidia nazo nimezifikiria. Zinalisha, zinafagia, zinatuliza. Na sifa wanapewa nani? Neva. Nazijua hizo neva. Niliolewa na moja.

Sasa jambo lenyewe. Umeniandikia mulango. Sikuuliza mulango. Paa je? Ukuta wa jikoni je? Mugeni akiingia anakaa wapi? Ndayambaje anasema ulimupa barua yako ukiwa umesimama kwenye kizingiti, hukumupa hata chai. Hapa kwangu anaingia, anakula bukari na maharage, anaongezwa, ndipo anatoa karatasi mufukoni. Tangu baba yetu akiwa hai, mutu anayeleta habari anavutwa ndani kwa mukono. Wewe umejifunza wapi kumuacha nje?

Na kitu kimoja hukukieleza. Seli inajuaje mbabula ipi ni mbovu? Mimi maharage mabovu ninayajua kwa macho. Seli haina macho. Ukishindwa kunieleza mimi, huyo Profesa asiyecheka utamueleza nini?

Ni mimi masenge wako,
Béata


Goma, tarehe 20 Agosti 2021

Shangazi mheshimiwa,

Salamu nyingi, na pongezi kwa mapacha, ambao nawatakia usingizi na mama yao pia. Barua yako niliipokea kwa furaha na kwa unyenyekevu.

Kuhusu Ndayambaje kusimama kizingitini, naomba uelewe kwamba mtu anayefanya kazi karibu na maabara hufungwa na taratibu za usafi wa kisayansi, ambazo haziruhusu viatu vya barabarani kuingia kila mahali. Si dharau. Kuhusu paa, linapumzika. Kuhusu ukuta wa jikoni, umebadilika kiasi. Mlango, kinyume chake, niliutia mafuta juzi, na naweza kusema kwamba siku hizi niko karibu nao kuliko wakati wowote wa maisha yangu.

Swali lako ni zuri kuliko maswali ya wenzangu. Seli haina macho, lakini ina wajumbe. Wajumbe hao ni protini iitwayo PINK1, na seli huwatuma kwenye kila jiko bila kukoma. Jiko lenye afya lina nguvu ya kumvuta mjumbe ndani, na huko ndani humalizwa, asionekane tena. Jiko lililochoka halina nguvu hiyo. Mjumbe hufika, akabaki amesimama mlangoni. Anakuja wa pili, naye anasimama. Wakijaa mlangoni, humwita mwenzao, Parkin, ambaye hulibandika jiko alama. Kisha unakuja mfuko, unalifunika jiko zima na kulipeleka kwenye tanuru, ambako vipande vyake vyema hutolewa vikatumika tena. Mahali pake seli hujenga jiko jipya.

Utaona basi, Shangazi, kwamba hakuna anayeingia ndani kukagua. Ubovu wa jiko hujulikana kwa jambo moja tu: mjumbe ameachwa nje.

Nimeisoma aya hii mara tatu na nimeridhika nayo mno.

Mhadhara umeahirishwa hadi Novemba, kwa sababu Profesa Mulumeoderhwa anaumwa jino.

Wako mtiifu,
Édouard Harelimana
Licencié katika Biolojia, avec distinction


Kiwanja, 5 Oktoba 2021

Édouard mutoto wangu,

Nakusalimia. Mapacha wanakua. Zihindula alimuuza yule mbuzi, akanunua mwingine, na huyu mupya anakula hata vitabu vya nyimbo. Mugongo uko pale pale.

Nimeelewa wajumbe wako vizuri sana. Kitu kimoja tu kinatofautiana na desturi yetu: kwenu mujumbe akivutwa ndani anamezwa, kwetu akivutwa ndani anameza.

Sasa unisikilize kwa utulivu. Ndayambaje amefika kwako mara tatu. Mara tatu amesimama mulangoni. Na hata chumba chenyewe si cha Buhene. Ni pale kwenye taasisi, nyuma, karibu na tangi la maji, na umefungua kidogo tu, umetoa kichwa kama kobe. Nilimuuliza kuna nini ndani. Akanijibu, «Mama, mimi nabeba barua, sibebi habari. Habari haina bahasha.» Nikamuongezea maharage. Akafungua kinywa kwa ajili ya maharage tu.

Kwa hiyo sijasikia umbea wa mutu yeyote. Nimetumia sayansi yako. Mbabula ambayo mujumbe anasimama nje, wewe mwenyewe umeandika iko namna gani.

Basi Noeli nakuja. Unajua niliapa mwaka wa 2002, lava ilipomeza duka langu la vitenge, kwamba sitakanyaga tena Goma. Lakini kiapo nacho kinazeeka. Nitalala kwenye chumba cha kaka yangu, nitaangalia hilo paa linalopumzika.

Utaniambia kama nilete godoro.

Masenge wako,
Béata


Goma, tarehe 9 Januari 2022

Shangazi mheshimiwa,

Heri ya mwaka mpya, na samahani kwa kuchelewa kujibu, jambo lililosababishwa na mambo. Ujumbe wangu mfupi wa Desemba, niliomkabidhi Ndayambaje kwa mdomo naye akakataa kuubeba kwa sababu hauna bahasha, ulikuwa wa kukuomba usije. Ninashukuru kwamba mgongo wako ulikusihi vivyo hivyo.

Sababu zangu ni hizi. Barabara ya Rutshuru si ya kuaminika tangu waasi waanze tena kuonekana milimani. Pikipiki si kiti cha mtu mwenye mgongo. Mhadhara sasa ni Machi, na ninajifunza mpaka macho yanawasha. Mwisho, nyumba kwa sasa haiko katika hali ya kupokea wageni. Sentensi hii ya mwisho naomba usiisome mbele ya wamama wa chama.

Mama anakusalimu kutoka Bukavu. Nilimsomea kwa simu maneno yako kuhusu bukari iliyoungua. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema siku ile mwiko ulifichwa, na kwamba anamjua aliyeuficha.

Juu ya mitokondria, nina habari njema. Wapo wanaodhani udhibiti wa ubora ni kutupa tu. Sivyo. Jiko lenye kasoro ndogo linaweza kuungana na jiko jingine, yakawa jiko moja refu. Kile kilichopungua katika la kwanza hupatikana katika la pili. Seli hujaribu kuunganisha, na kinachoshindikana kabisa ndicho hutengwa na kuondolewa. Seli-saidizi inayojua mambo haya mawili huvumilia msongo mkubwa, na neva zake hazijui hata kilichotokea.

Mlango ni mzima.

Wako mtiifu,
Édouard Harelimana


Kiwanja, 30 Aprili 2022

Édouard,

Nakusalimia. Mimi muzima. Maharage mazuri. Mapacha wazuri. Mwambie mama yako kwamba mwiko sikuuficha, niliuweka pahali pengine.

Usitume sambaza kwa sasa.

Béata


Goma, tarehe 18 Julai 2022

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa moyo usiotulia. Barua yako ya Aprili ilinifikia mwezi Juni, na nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha chuo. Haina mgongo. Haina Zihindula wala mbuzi wake. Shangazi, katika maisha yako hujawahi kuandika mistari michache hivyo, hata kwa adui.

Kuna ushahidi mwingine. Ndayambaje amezoea kufika hapa ameshiba. Hutelemka kwenye pikipiki polepole, akishika tumbo kama mtu anayebeba kitu cha wenyewe. Mwezi Juni alitelemka upesi. Nilimpa mkate kizingitini, akaumaliza kabla sijafungua bahasha. Nikampa wa pili. Alipokuwa kwenye wa tatu nikamuuliza kama kwa Mama Béata alikula nini. Akasema, «Mimi nabeba barua.» Nikamuuliza kama aliingia ndani. Akainama kukagua tairi la pikipiki yake.

Kwa hiyo mjumbe ameachwa mlangoni kwako pia, Shangazi. Nimejaribu kukupigia simu mara kumi na nne na haiiti. Nami, niliyekufundisha kuisoma alama hiyo, siwezi kuendelea kujidai kwamba sijui uliisoma kwangu mapema.

Nyumba ya Baba haipo. Lava ilipita juu yake jioni ileile ya tarehe 22 Mei. Paa linapumzika chini ya mawe yenye urefu wa mtu. Ukuta wa jikoni umekuwa mawe hayohayo. Tulipoona anga imekuwa nyekundu, majirani walibeba magodoro, masufuria na vyeti. Mimi niliingia ndani nikatazama kila kitu, na kitu pekee nilichoona siwezi kukueleza nimekiacha wapi kilikuwa mlango wako. Niliung'oa kwenye bawaba kwa panga. Nikaukodia chukudu ya mbao ya magurudumu mawili, nikausukuma kuteremka mjini, na kila niliyempita aliniuliza naenda kufunga nini. Diploma yangu ilibaki mezani. Imenibidi niombe nakala.

Tangu siku hiyo naishi katika ghala la viti la taasisi, kwa hisani ya mlinzi. Mlango unajaza chumba chote. Nimeulaza juu ya kreti nne na ndio kitanda changu, na ndiyo maana hakuna mgeni anayeweza kuingia: akiingia itabidi mimi nitoke. Niliposema niko karibu nao kuliko wakati wowote, sikusema uongo. Hilo ndilo lililonifariji, na ndilo linalonitia aibu.

Mhadhara ulifanyika hatimaye tarehe 2 Julai. Nilikuwa nimeandaa picha arobaini na sita za kuonyesha ukutani. Kwenye picha ya pili umeme ukakatika. Profesa Mulumeoderhwa akasema, «Endelea, bwana, ubongo wako hautumii stima.» Nikaendelea kwa maneno makubwa niliyokuwa nayo, yakaisha. Ndipo akauliza, «Seli inajuaje jiko lipi ni bovu?» Nikafungua mdomo kutaja protini, nikajisikia nikisema, «Kuna mtu anaitwa Ndayambaje.» Nikawaeleza yote, pamoja na bukari na maharage. Mwalimu mmoja aliandika kwenye karatasi yake kwamba mtindo wangu ni wa sokoni. Profesa aliuliza tu kama huyo Ndayambaje hatimaye aliingia. Nikasema bado. Nafasi nimepewa kwa mwaka mmoja wa majaribio.

Sikuwa na furaha niliyotarajia. Aliyeniuliza swali lile kwanza hakuwepo ukumbini.

Tafadhali niandikie ukweli, hata kama ni mfupi. Njoo. Sina pa kukuweka, lakini njoo.

Édouard


Mugunga, 17 Novemba 2022

Mutoto wangu Édouard,

Nakusalimia, na hii ni barua ndefu, uishike vizuri. Mugongo unauma sana. Nikiuandika utajua kwamba niko muzima.

Niko Mugunga, kwenye kambi, na Tuyisenge na mapacha. Kiwanja iliingiliwa na waasi mwisho wa Oktoba. Tulitembea, tukapanda lori, tukashuka, tukatembea tena. Simu ilibaki inachajiwa kwa Zihindula. Mbuzi wake alitufuata mupaka Rumangabo, halafu akabadilisha mawazo.

Juu ya Ndayambaje, ulisoma alama vizuri lakini sababu ilikupita. Tangu mwezi wa tatu nyumba yangu ilijaa watu waliokimbia kutoka Jomba. Walikuwa kumi na tisa, na wawili walilala kwenye pahali pa maharage. Sikuwa na nafasi ya kuvuta mutu ndani hata kwa kidole, na chungu kilikuwa kinaisha kabla hakijashuka motoni. Nilimuacha nje kwa haya. Yeye mwenyewe alisema, «Mama, hapa mulangoni kuna hewa nzuri.» Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa na mutihani. Mutu mwenye mutihani hapelekewi habari ya mizinga.

Sasa nyumba ya kaka yangu. Édouard, nilijua. Nilijua kabla hujaandika barua ya kwanza. Siku mulipoamriwa kuhama Goma, nusu ya Buhene ilikuja Kiwanja. Jirani yenu wa mulango wa pili alilala kwangu siku tisa. Aliniambia, «Mama Béata, nyumba imekwisha, lakini mutoto wako tulimuona akisukuma mulango kwenye chukudu kama mutu anayepeleka mugonjwa hospitali.» Nilicheka mupaka mugongo ukanikatalia. Ndipo nililia.

Nikasubiri uniambie. Nikakuuliza paa, ukaniambia linapumzika. Nikakuuliza ukuta, ukaniambia umebadilika. Mwaka muzima mulango, mulango. Nikatishia kuja Noeli. Nilitaka tu useme. Lava ilikula duka langu mwaka wa 2002, na mimi niliambia watu kwa miezi minane kwamba ninafanya inventaire, ninahesabu mali ya dukani. Ulidhani kudanganya kwa heshima umerithi kwa nani? Hakuna jiko la ukoo wetu ndani yako, sawa. Lakini hicho kipaji ni cha kwetu kabisa.

Barua zako zote niko nazo. Nilikimbia na sufuria moja, na barua zilikuwa ndani yake.

Ulisema njoo. Nakuja, lakini kwa sharti. Sitatoka kwenye hema niingie kwenye ghala la viti, kulala juu ya mulango nilioununua mimi mwenyewe. Uliandika kwamba mbabula mbili zenye upungufu zinaweza kuungana zikawa moja. Basi wewe una mulango bila nyumba, mimi nina watu wanne bila mulango. Tafuta kapahali, hata kadogo. Simamisha mulango. Ukisimama, mutume Ndayambaje anichukue. Na safari hii Ndayambaje asinyimwe chai, kwa maana amesimama nje ya milango yetu wote wawili zaidi ya mwaka, na hakubandika mutu alama.

Masenge wako,
Béata Mukamazimpaka

Tena: mwambie mama yako kwamba mwiko ulikuwa juu ya paa la nyumba ya kuku.


Goma, tarehe 27 Novemba 2022

Shangazi yangu,

Salamu kwako, kwa Tuyisenge, kwa mapacha na kwa mgongo.

Profesa Mulumeoderhwa ametupatia kona nyuma ya tangi la maji, juu ya lava ya zamani, kwa sharti kwamba tusikaange sambaza wakati wa mihadhara. Nilipomwambia ni kwa ajili ya yule shangazi wa swali, alionyesha meno kidogo. Mlinzi anasema lilikuwa tabasamu. Mimi kama mwanasayansi nasubiri lijirudie.

Mama alipokea ujumbe wa paa la kuku akasema, «Basi miaka ishirini na minane nimeusingizia moto, nikidhani mwiko ulitupwa humo.» Jana mashua ya Bukavu ilishusha kifurushi chake pale Kituku. Ndani kuna mbabula moja mpya na mwiko wenye jina lako. Utaona kwamba sayansi imesimama palepale: jiko limetoka kwa mama.

Mlango umesimama tangu saa nne asubuhi, kwenye bawaba zake zote tatu. Kuta za mbao ziko mbili. Za upande wa kushoto na wa nyuma bado. Fundi amesema kesho, nami nimemwamini nusu. Paa ni turubai.

Ndayambaje alikuja kuchukua barua hii saa sita. Nilikuwa nimekaa ndani karibu na moto, nikamwona waziwazi akija kutoka upande usio na ukuta. Angeweza kuendelea moja kwa moja mpaka kwenye chai. Hakufanya hivyo. Alizunguka, akafika mbele, akavua kofia ya pikipiki, akasimama, akapiga hodi.

Nikainuka, nikafungua, nikamvuta ndani kwa mkono. Amekunywa vikombe vitatu. Sasa anakuja kukuchukua.

Édouard